Kompresa ya Mjomba na Stima ya Nyumbani

Mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alitutangazia kwamba safari hii anataka makala za maarifa, kwani amechoka kusahihisha insha za "Siku ambayo sitaisahau maishani". Nami nina zote mbili kwa pamoja, kwa hivyo naomba anisamehe.

Mjomba wangu ni fundi wa puncha. Kibanda chake kiko Umoja, nje ya lango la ploti tunamoishi. Kwa miaka mingi alijaza upepo kwa pampu ya mkono, ile ya kuinama na kuinuka mpaka shati linashika mgongo. Gari likija na magurudumu mawili bapa, ilibidi ayabebe kwa mkokoteni hadi kwa jirani mwenye mashine, alipie upepo, kisha arudi nayo. Waswahili husema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Basi mwaka jana, mwezi wa nne, alisikia kwamba karakana moja kule Industrial Area inafungwa na inauza vifaa vyake. Akaenda. Jioni tukaona mkokoteni unaingia mtaani ukisukumwa na vijana wanne, na juu yake dude la rangi ya buluu lenye mtungi wa lita 200, pampu ya silinda mbili, na mota kubwa kama kichwa cha ndovu. Mjomba alitembea mbele akitabasamu kama bwana harusi.

Bei ilikuwa shilingi 45,000. Kati ya hizo, 30,000 zilikuwa za Mama. Zilikuwa zamu yake ya chama cha akina mama, na alikuwa ameziweka kwa ajili ya karo yangu ya muhula wa pili. Mjomba alikuwa ameahidi kuzirudisha kwa mwezi mmoja. "Mwezi mmoja tu, dada yangu. Hii mashine itajilipa yenyewe."

Jumamosi akaitwa fundi wa stima wa mtaani. Alikata waya uliotoka kwenye mota, akaunganisha na plagi ya kawaida, akaichomeka kwenye soketi ya nyumbani kwetu, sebuleni, kupitia dirishani. Nilikuwa nimesimama pale na daftari langu. Nikamwuliza, "Fundi, hiki kibati cha mota kinasema 415, je, soketi yetu si ni 240?" Akanitazama kutoka utosini hadi kwenye viatu. "Wewe msichana, leta chai uache watu wazima wafanye kazi."

Nikaenda kuleta chai. Kabla maji hayajachemka nikasikia mashine ikilia mmmmmmm, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya debe. Haikuzunguka hata kidogo. Harufu ya rangi inayoungua ikapanda, halafu pa! Giza. Si kwetu tu, bali ploti nzima, maana swichi kuu ya pale chini ilikatika pia. Ilikuwa saa mbili usiku na mpira wa Uingereza ulikuwa ukichezwa. Sitaandika maneno yaliyotoka gorofa ya pili na ya tatu, kwa sababu jarida hili husomwa na walimu. Fundi alikusanya bisibisi zake gizani akaondoka bila kunywa ile chai.

Siku mbili baadaye nilimpelekea mwalimu wetu wa fizikia yale niliyoyanakili kutoka kwenye kibati: 415 V, 50 Hz, 4 kW, 8.4 A, 1440 kwa dakika. Alicheka, halafu akanieleza jambo ambalo ningependa kila mtu wa Eastlands anayenunua mashine ya mtumba alijue kabla hajatoa pesa mfukoni.

Tazama milingoti ya stima barabarani. Mara nyingi, baada ya transfoma, utaona nyaya nne. Tatu zina moto na moja ni nyutro. Zile tatu zenye moto mafundi huziita fezi, na vitabu huziita awamu. Kati ya fezi moja na nyutro kuna volti 240. Kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 415, na ukizidisha 240 kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani 1.73, utaipata namba hiyo hiyo. Nyumba ya kawaida hupewa fezi moja na nyutro. Viwanda, visima vya pampu na posho mill kubwa hupewa fezi zote tatu.

Sasa, kwa nini mota ya fezi tatu isizunguke kwa fezi moja? Fikiria baiskeli. Ukisimamisha pedali wima kabisa, moja juu na nyingine chini, kisha ukandamize ile ya juu kuelekea chini, baiskeli haiendi popote. Nguvu ipo, tena nyingi, lakini hakuna kinachoiambia izunguke upande gani. Fezi moja ndani ya mota ile hufanya hivyo hivyo: inasukuma na kuvuta, inasukuma na kuvuta, mara 50 kwa sekunde, na mota inatetemeka palepale ikilia. Fezi tatu ni kama watu watatu wamesimama kuuzunguka mduara, kila mmoja akisukuma kwa zamu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kuacha pengo. Hapo lazima kitu kizunguke. Ujuzi huu si wa jana. Nikola Tesla alipewa hataza zake za mota za namna hii Marekani mwaka 1888, na mwaka 1891 huko Ujerumani stima ya fezi tatu ilisafirishwa kutoka Lauffen hadi Frankfurt, umbali wa kilomita 175 hivi, watu wakashangaa.

Mota iliyokwama nayo haikai bure. Mota yoyote ikiwa imesimama hunyonya mkondo mkubwa, mara 5 hadi 7 ya ule inaokula ikishazunguka. Ni kama kusukuma matatu iliyozimika: kuianzisha kunataka watu wanane, lakini ikishabingirika wawili wanatosha. Ya kwetu haikubingirika kamwe, kwa hivyo iliendelea kula kama inayoanza. Ndiyo maana swichi ilikatika, na tushukuru ilikatika, vinginevyo mota ingeungua yote. Iliungua rangi kidogo tu.

Nilirudi nyumbani nikifikiri nimepata jibu, kumbe Mjomba naye alikuwa amepata lake. Fundi mwingine alikuwa amempa wazo, na wazo lenyewe nilipolisikia lilinifanya nikae kitini. Nyumba za ploti yetu hazitumii fezi moja zote. Gorofa ya chini iko kwenye moja, ya pili kwenye nyingine, ya tatu kwenye ile iliyobaki. Utajua hivyo kwa sababu siku nyingine stima hupotea kwetu huku wa juu wanaendelea kupiga pasi. Sasa fundi alitaka kuvuta waya mmoja kutoka kwetu, mmoja kutoka kwa jirani wa pili na mmoja kutoka kwa wa tatu, avikutanishe chini, na eti hapo Mjomba atakuwa na fezi tatu kama kiwanda! Majirani wangelipwa kidogo kidogo kwa tokeni zao.

Kwa mtu asiyejua, wazo hili lina akili, tena linaweza kweli kuizungusha mota. Hapo ndipo hatari ilipo. Kwanza, volti 415 zingepita kwenye nyaya za ukutani na madirishani, mahali watoto wanaanika soksi. Pili, siku tokeni za jirani mmoja zikiisha, fezi moja itakatika huku mbili zinaendelea. Mota itabaki ikivuta mzigo kwa fezi mbili, itachemka na kuungua, na hakuna mtu atakayejua kwa nini. Tatu, jirani akizima swichi yake kuu ili abadilishe soketi, anaamini nyaya zake zimekufa, kumbe moto unaweza kurudi kwake kupitia mota ya Mjomba. Huyo ni mtu aliyekufa. Kisha kuna sheria. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inafanya kuchezea mita na nyaya za stima kuwa kosa la jinai, na inataka kazi ya kuunganisha stima ifanywe na fundi mwenye leseni kutoka EPRA.

Mama ndiye aliyelimaliza jambo hilo. Alisema maneno machache tu: "Pesa zangu ni zangu, lakini watoto wa gorofa ya tatu si wangu." Mjomba akanyamaza.

Njia zilizobaki zilikuwa tatu, na tulizipima moja moja, Mjomba, Mwalimu na mimi.

Kuomba fezi tatu kutoka Kenya Power ndiyo njia iliyonyooka. Lakini ploti ni ya mwenye nyumba, si yetu, na maombi lazima yapitie kwake. Yeye hakutaka hata kusikia.

Njia ya pili ni kifaa cha elektroniki kinachoitwa invata, ambacho hupokea fezi moja na kutoa tatu. Kinauzwa mjini. Ubaya wake ni kwamba invata ya kawaida ikipewa volti 240 hutoa fezi tatu za volti 240, si 415. Kuna mota zinazokubali: kibatini utaona zimeandikwa 240/415, na fundi akizipanga nyaya ndani ya kisanduku cha mota kwa umbo la pembetatu, zinafanya kazi vizuri kwa 240. Ya kwetu ilikuwa imeandikwa 415 peke yake, tayari ikiwa kwa pembetatu. Kwa hivyo invata isingetusaidia. Ukienda kununua mashine ya fezi tatu, angalia hapo kwanza. Namba mbili kibatini, ndogo ikiwa 240, ni bahati; namba moja ni kazi.

Njia ya tatu ni kuitoa mota yenyewe na kuweka ya fezi moja. Tukaichagua. Lakini hata hapa kuna mtego ambao ulikuwa nusura utunase. Mjomba alitaka mota ya fezi moja yenye nguvu ile ile, kilowati 4. Mwalimu akaniambia nipige hesabu kabla ya kukubali.

Mota haitoi nguvu yote inayokula, nyingine hupotea kama joto. Ili itoe kilowati 4 itakula karibu 4.8. Kwa fezi moja ya volti 240, ukizingatia kwamba mota haitumii mkondo wote vizuri, hiyo ni ampea 23 au 24. Inapoanza, zidisha kwa 6: ampea 140 hivi! Plagi ya nyumbani ina fyuzi ya ampea 13, yaani mwisho wake ni wati 3,120. Hata ukivuta laini yake pekee, ampea 140 kila mashine inapoanza ni kuwakumbusha majirani ule mpira wa Jumamosi.

Tukashuka hadi mota ya nguvu-farasi 3, yaani kilowati 2.2, yenye kapasita mbili. (Kapasita ndiyo inayofanya kazi ya yule mtu wa pili kwenye mduara: huwahisha sehemu ya mkondo ili mota ipate msukumo wa pembeni na ijue upande wa kuzungukia.) Hii hula kama ampea 14. Imezidi plagi kidogo, kwa hivyo haiwezi kuchomekwa kwenye soketi, lakini ni mzigo ambao nyumba inaweza kuubeba.

Sasa swali. Pampu iliyotengenezwa kwa kilowati 4, utaizungushaje kwa kilowati 2.2? Jibu ni kuizungusha polepole. Pampu ikizunguka nusu ya kasi, kwa presha ile ile, inataka takriban nusu ya nguvu. Mota ya zamani ilikuwa na puli ya milimita 160, na gurudumu la pampu lina milimita 288. Kwa hivyo pampu ilikuwa ikizunguka

1440 × 160 ÷ 288 = mara 800 kwa dakika.

Tulihitaji 2.2 ÷ 4 ya hiyo, yaani 440. Fundi wa mashine ya kukereza vyuma kule Kariobangi Light Industries alitutengenezea puli ya milimita 90, ambayo inatoa mara 450. Imezidi kwa nywele tu, na tulifidia kwa kushusha presha: karakana ilikuwa ikikata kwa baa 10, sisi tukaweka swichi ikate kwa baa 8. Ila msishuke chini zaidi ya hapo bila kuuliza, kwa sababu pampu hizi hurusha mafuta kwa kijiko kilicho chini ya mkono wa pistoni, na zikienda polepole mno mafuta hayafiki juu.

Fundi mwenye leseni akavuta laini ya mashine peke yake kutoka swichi kuu hadi kibandani, mita 20, na sakiti breka yake, stata yenye ulinzi wa mota, na waya wa ardhi. Alitaka waya wa milimita mraba 6 badala ya 2.5, Mjomba akaona ni wizi. Hapa nilijivunia kidogo, kwa sababu ni hesabu ya kidato cha tatu kabisa. Mita 20 kwenda na 20 kurudi za shaba ya 2.5 zina ukinzani wa omu 0.3 hivi. Mashine ikianza kwa ampea 84, volti zinazopotea njiani ni 84 × 0.3, yaani 25. Mota inabaki na 215, inakosa nguvu ya kuruka, inakwama, inazidi kunyonya. Kwa waya wa 6, ukinzani ni 0.12 na zinapotea 10 tu. Tena joto kwenye waya hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara 6, joto ni mara 36. Ndiyo maana wale wanaotumia ekstensheni iliyoviringwa kama nyoka hukuta imeyeyuka. Mjomba aliitazama karatasi yangu kwa muda. "Haya mpwa wangu, nunua huo waya wako."

Kuna kitu kingine kidogo ambacho fundi alikisafisha, nacho ni muhimu kuliko kinavyoonekana. Mashine inapojaa na kukatika, husikika ikipumua psssss. Wengi hudhani inavuja. La, ile ni vali inayotoa upepo uliobaki juu ya pistoni, ili mota ikianza tena isikute mzigo. Ya kwetu ilikuwa imeziba kwa kutu. Kiwandani, kwa fezi tatu, mota ilikuwa ikiilazimisha tu. Nyumbani, mota ingekwama kila mara.

Basi tulikuwa tayari. Au tulidhani hivyo. Siku ambayo mashine ingewashwa Mwalimu alipita kibandani akitoka shuleni, akatazama mota mpya, akatazama laini mpya, akasifu. Kisha akauliza, "Na mtungi je, nani ameuangalia?"

Tukatazamana. Wiki tano tulikuwa tukizungumza stima, stima, stima. Mtungi ulikuwa unang'aa rangi ya buluu, nani angeushuku?

Tuliulaza ubavu. Tukafungua koki ya chini, yakatoka maji ya rangi ya chai na vipande vya kutu. Hewa ina mvuke, na ukiibana mvuke hugeuka maji yakakaa chini ya mtungi. Asipotokea mtu wa kuyamwaga kila siku yanakula chuma kutoka ndani. Mjomba alipokwangua rangi upande wa chini, tukaona kiraka kilichochomelewa, kipana kama kiganja, kimefichwa chini ya rangi mpya.

Mwalimu akanipa kijiti nipige hesabu palepale mchangani. Kipenyo cha mtungi ni sentimita 45, kwa hivyo eneo la kifuniko chake cha mwisho ni mita mraba 0.159. Baa 8 ni paskali 800,000. Zidisha: nyutoni 127,000. Huo ni uzito wa tani 12 na zaidi, lori lililojaa mchanga, linasukuma kila upande wa mtungi likitaka kutoka. Na mtungi ungekaa hatua mbili kutoka kwenye benchi ambapo wateja, na wadogo zangu, hukaa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mitungi ya upepo ikaguliwe na mtu aliyehitimu. Tuliupeleka Kariobangi kwa fundi mmoja anayepima kwa maji. Huu ni ujuzi mzuri, na nauandika ili msije mkajaribu kupima kwa upepo. Maji hayabaniki. Ukiujaza mtungi maji tele, bila pumzi ndani, ukayasukuma kwa pampu ya mkono, mtungi ukipasuka maji yanachuruzika na presha inakufa papo hapo. Upepo hubanika kama springi. Chuma kikiachia, wote unafumuka kwa mpigo mmoja na kurusha vipande. Kipimo ni mara moja na nusu ya presha ya kazi, kwa hivyo sisi tulitafuta baa 12.

Sindano ya geji ilipanda. Nne. Tano. Sita. Ilipofika 7 ikasimama, kisha ikaanza kurudi. Ukingoni mwa kile kiraka palitoka uzi wa maji, mwembamba kama sindano, ukapiga ukuta wa mabati upande wa pili.

Hakuna aliyesema neno. Mjomba alikaa kwenye tairi kuukuu akashika kichwa. Nilijua anahesabu pesa, lakini baadaye aliniambia alikuwa akihesabu watu wanaokaa kwenye lile benchi.

Mtungi uliuzwa kama chuma chakavu kwa kilo, tukapata shilingi 2,400. Tulinunua mwingine wa lita 100, wa mtumba pia, lakini wenye kibati cha kiwanda kinachosema baa 11, na hatukutoa pesa mpaka ulipopimwa kwa maji hadi 12 mbele ya macho yetu. Vali ya usalama iliwekwa ifunguke kwa baa 9. Mota ya zamani ilichukuliwa na mtu wa posho mill mwenye fezi tatu, kwa 12,000, naye anaisifu hadi leo.

Je, mashine inafanya kazi? Inafanya, ila si kama ilivyofanya kiwandani, na si haki kuwaficha hilo. Kibati cha pampu kinasema lita 500 kwa dakika. Kwa kasi yetu ya 450 hiyo inashuka hadi 281, na pampu yoyote hupoteza sehemu kwenye vali, kwa hivyo tuseme 200 hivi. Kisha kuna jambo la Nairobi yenyewe. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na presha ya hewa hapa ni karibu baa 0.83, si 1 kama Mombasa. Pampu inameza lita zile zile, lakini kila lita ina hewa pungufu. Kwa kanuni ya Boyle, ambayo tumeisoma mwaka huu, kujaza mtungi wa lita 100 hadi baa 8 kunahitaji 100 × 8 ÷ 0.83, yaani lita 960 hivi za hewa ya Umoja. Gawanya kwa 200: dakika 5. Nilipima kwa saa ya Mjomba, ikawa dakika 5 na nusu.

Tairi la gari dogo lililo bapa linataka karibu lita 80 za hewa yetu. Kwa hivyo mtungi ukishuka kutoka baa 8 hadi 6 umejaza matairi matatu, ndipo mota inaamka. Kwa pikipiki za bodaboda ni nyingi zaidi, sijahesabu. Kupaka rangi gari kwa bunduki ya upepo kunawezekana mlango mmoja mmoja, kwa kupumzika, maana bunduki nyingi hula upepo haraka kuliko tunavyouleta. Wa kupiga mchanga kuondoa kutu tunawaelekeza Kariobangi. Mota ikizunguka saa nzima bila kusimama inakula yuniti 2.8 za tokeni, lakini haizunguki saa nzima. Kwa siku yenye kazi ni yuniti tatu au nne.

Muhula wa pili nilikaa nyumbani siku nne kwa sababu ya karo, na nilinakili masomo kutoka kwa rafiki yangu wa dawati moja, ambaye namshukuru hapa. Mjomba amekwisha kumrudishia Mama shilingi 18,000. Zilizobaki wanazijadili wao kila Jumapili baada ya chakula, na mimi hutoka nje.

Kazi yangu sasa, jioni nikitoka shuleni, ni kuzima mashine kwenye swichi kuu na kufungua koki ya chini. Maji hutoka nusu kikombe msimu wa baridi, na zaidi kidogo wakati wa mvua ya masika. Juzi yule fundi wa kwanza alipita na baiskeli yenye puncha. Alisimama akaisikiliza mashine ikianza, ikizunguka, ikikata, ikipumua psssss. Akaniuliza kama inavuja.